Alama ya Nne

Mwanafunzi yeyote aliyefanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, anaijua kanuni hii hata ukimwamsha usiku wa manane. Swali la dondoo likisema "Eleza muktadha wa dondoo hili," alama ni 4 na hoja ni nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Karatasi nzima ina alama 80 na muda wa saa mbili na nusu. Maswali ya kujibu ni manne, kila moja alama 20, kwa hiyo alama nne si za kuchezea. Nimeifundisha kanuni hii mwaka baada ya mwaka, na majibu yake nimeyasahihisha mpaka macho yakaniwasha. Alama tatu za kwanza watoto wanazizoa. Inayowaponyoka ni ya nne.

Na inawaponyoka kwa njia ile ile kila mara. Ukiuliza sababu, mwanafunzi anakuandikia tukio lililotangulia. "Alisema hivi kwa sababu mkewe alichelewa kurudi." Kuchelewa kwa mke ni tukio. Wanaume watatu wakichelewewa na wake zao usiku mmoja, wa kwanza atafunika chakula kisipoe, wa pili atachukua tochi aende kumpokea njiani, wa tatu atavunja sahani. Tukio ni moja, lakini kilichomsukuma kila mmoja ni chake peke yake. Hicho kinachosukuma, ambacho walimu wengine hukiita msukumo, wengine kichocheo na wengine nia, ndicho nitakachokaa nacho katika sura hii. Mwanafunzi asiyekiona amejua yaliyotokea katika hadithi, lakini hajamjua hata mtu mmoja aliyemo ndani yake.

Nianze na Dadi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha mimi.

Dadi yumo katika "Masharti ya Kisasa," hadithi ya Alifa Chokocho iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko ambao Chokocho mwenyewe aliuhariri pamoja na Dumu Kayanda. Dadi ni mchuuzi wa samaki, biashara yake ameipakia kwenye baiskeli. Amemwoa Kidawa kwa masharti waliyokubaliana kabla ya ndoa, masharti ya watu wa leo, na ndiyo yaliyoipa hadithi jina lake. Kidawa anafanya kazi shuleni. Taratibu Dadi anaingiwa na shaka kwamba kuna jambo kati ya mkewe na mwalimu mkuu. Usiku mmoja anajipenyeza kule shuleni, anapanda juu ili achungulie ajionee mwenyewe, na huko juu anaanguka na kuumia.

Muulize mtahiniwa sifa za Dadi, atakuandikia haraka: "Dadi ni mwenye wivu. Anamwonea mkewe wivu na mwalimu mkuu." Sifa imetajwa, mfano umetolewa, alama 2 zimepatikana. Mimi mwenyewe nimezipigia vema alama hizo mara nyingi sana. Lakini hebu lisome jibu lile tena. Dadi anaona wivu kwa sababu ni mwenye wivu, na tunajua ni mwenye wivu kwa sababu anaona wivu. Tumezunguka mbuyu tukarudi pale pale.

Siku moja msichana aliyekaa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani Dadi alipopanda kule juu alitaka aone nini?"

Wenzake walicheka. Walidhani swali ni la mtu aliyesinzia. Mmoja akamjibu kwamba alitaka kumfumania mkewe, imekwisha. Yule msichana hakuketi. Akasema, "Kama alitaka kumfumania, basi alitaka iwe kweli? Mtu anataka iwe kweli?"

Kicheko kikakatika. Nikaiweka chaki mezani, kwa maana sikuwa na jibu na mwongozo niliokuwa nao haukuwa nalo. Darasa likagawanyika. Kuna waliosema Dadi alipanda akiomba asione kitu, ili usiku ule apate usingizi. Kuna waliosema hapana, mtu akishakaa na shaka muda mrefu hufika mahali anatamani hata ubaya ujulikane, mradi ujulikane. Mvulana mmoja akasema jambo ambalo sijalisahau: Dadi hakuwa na njia nyingine, maana kumwuliza mkewe kungekuwa kuvunja masharti. Mume wa kisasa aliyekubali masharti ya kisasa hawezi kurudi nyumbani akamhoji mke kama mume wa zamani. Mdomo ameshaufunga mwenyewe kwa ahadi yake. Kilichobaki ni macho, na macho ndiyo yaliyompandisha juu.

Kengele ya chakula ilipigwa wakiwa bado wanabishana, na walitoka nje wakibishana.

Nimeifikiria hoja ya yule mvulana kwa miaka sasa, nami naiunga mkono. Wivu wa Dadi si wivu mtupu wa mapenzi. Ndani yake mna aibu. Mtu huyu amekubali ndoa ya namna ambayo mtaa hauijui, na hana hakika kama uamuzi ule umemfanya mume bora au mume mdogo. Mwalimu mkuu ana cheo, na yeye ana baiskeli na samaki. Kila akimfikiria yule mwalimu mkuu anajipima naye, na kila akijipima anajikuta amepungua. Ukimsoma hivyo, kule kupanda kunakuwa na maana. Mtu aliyejiona yuko chini anapanda ili aone, na hadithi inamwangusha. Jibu hilo haliishi katika neno "mwenye wivu," wala huwezi kulikariri. Linapatikana kwa kuuliza anachotaka, anachokiogopa, na kwa nini njia iliyo rahisi zaidi, ya kumwuliza mwenzake tu, imemshinda.

Sisemi sifa zisifundishwe. Mtihani unaziuliza na mtoto lazima ajibu. Ninachosema ni kwamba sifa ni jina tunalompa mtu tukiwa tumesimama nje ya nyumba yake. Msukumo tunauona tukishaingia ndani. Anayeingia ndani akitoka hatashindwa kulitaja jina la nje, bali aliyebaki nje akiulizwa habari za ndani hana la kusema.

Ili darasa lilione hilo kwa macho, nina kisa ambacho hukiandika ubaoni. Ni changu, hakimo katika kitabu chochote cha mtihani, na nakitumia makusudi ili asiwepo aliyekisomea mwongozo.

Mzee ananunua sukari na majani ya chai katika duka la kijijini. Anafika nyumbani, anahesabu chenji, anakuta imezidi shilingi 50. Jua ni la saa saba mchana. Anavaa viatu vyake tena, anarudi dukani, anamrudishia mwenye duka hela yake.

Nauliza sifa za mzee. Darasa zima kwa sauti moja: mwaminifu. Nawaambia ni kweli.

Kisha naongeza sentensi moja: mwenye duka ndiye baba wa msichana ambaye kijana wa mzee anataka kumposa. Nauliza tena. Kuna wanaotabasamu. Uaminifu upo bado, lakini sasa una mgeni aliyekuja nao. Mzee anarudisha hela, na papo hapo anaitengeneza njia ya mwanawe.

Naifuta sentensi ile, naandika nyingine mahali pake: mwaka jana, katika duka hili hili, mzee alishikwa mkono mbele ya watu akaambiwa akitoe alichokificha, na hakuwa ameficha kitu. Hapa hakuna anayetabasamu. Nawauliza, akifika dukani atafanyaje? Ataitoa hela mara moja, au atangoja? Wanafunzi wengi husema atangoja mpaka duka lijae watu. Mwaka mmoja msichana alikataa kabisa. Alisema mzee ataiweka juu ya kaunta, hatasema neno, na akiitiwa asante hatageuka. Nilimwuliza amejuaje. Akasema, "Babu yangu yuko hivyo." Nikamwambia basi aanze kuandika.

Naifuta hiyo nayo. Naandika ya tatu: njiani mzee alisimama katika nyumba tatu, na katika kila nyumba akaeleza anakokwenda na kwa nini.

Tendo halikubadilika hata chembe. Shilingi ni zile zile 50, jua ni lile lile, viatu ni vile vile, na mtahiniwa akiandika "mwaminifu" mara zote tatu atapata alama. Lakini ubaoni wamepita wazee watatu ambao hungewachanganya ukiwaona. Mmoja anatafuta ukwe, mmoja anadai heshima yake aliyonyang'anywa, mmoja ananunua sifa kwa bei nafuu. Kilichowatenga ni sentensi moja moja tu.

Hapo ndipo hadithi fupi inapotofautiana na riwaya, na ndipo inapowahadaa wasomaji wa haraka. Riwaya ina nafasi ya kukupeleka utotoni mwa mhusika, ikuoneshe mama aliyemlea na njaa aliyolala nayo, hata afikapo sura ya kumi umeshajua kwa nini anapenda pesa. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Mambo ya miaka ishirini ya mtu inayaweka katika sentensi moja, tena mara nyingi sentensi ya pembeni, iliyotupwa katikati ya maelezo ya chumba au ya safari. Msomaji akiiruka, mtu mzima ameruka naye. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: mkisoma mara ya kwanza fuateni kisa, mkisoma mara ya pili itafuteni ile sentensi ya zamani. Karibu kila hadithi inayo. Mkiipata, wekeni kidole pale.

"Weka kidole" imekuwa kauli ya darasa langu. Msukumo hauchotwi hewani. Mwaka fulani mwanafunzi mmoja aliniandikia kurasa mbili nzuri sana kuhusu mke katika hadithi, jinsi alivyolazimishwa kuolewa, jinsi alivyomchukia mumewe tangu siku ya harusi. Lugha ilikuwa safi na huruma ilikuwa ya kweli. Nikamwita mezani, nikamfungulia kitabu, nikamwambia aweke kidole mahali penye habari hizo. Akatafuta. Hapakuwa na mahali. Mwanamke aliyemwandika hakuwa katika hadithi, alikuwa jirani yao. Sikumgombeza, maana kuleta watu wa nyumbani kwako ndani ya kitabu ndiyo mwanzo wa kusoma. Ila mhusika ana haki ya kusikilizwa kwa maneno yake mwenyewe kabla hatujamvisha ya jirani.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo, kwa maoni yangu, inafundisha jambo hili kuliko zote katika mkusanyiko ule. Ni ya Chokocho pia: "Shogake Dada ana Ndevu." Safia ni binti anayesifiwa na wazazi wake, Bwana Masudi na Bi. Hamida, kwa masomo na tabia. Anatembelewa na rafiki, Kimwana, aliyevaa buibui, na wawili hao hujifungia kusoma. Rafiki yule si msichana. Safia anapata mimba, na katika kujaribu kuitoa anafariki. Anayeuona ukweli mapema, na kuutamka kwa maneno yaliyobeba jina la hadithi, ni Lulua, mdogo wake.

Watahiniwa humwandikia Safia "mnafiki" na "msiri," na wazazi huwaandikia "wapuuzaji." Haya, tuwape alama zao. Lakini kwa nini wazazi hawakuona? Hawakuwa vipofu, na ndevu si kitu cha kufichika. Mimi nadhani hawakuona kwa sababu walikuwa na haja kubwa ya kutoona. Mtoto mwema alikuwa pambo la nyumba yao. Walilitaja nje na ndani, wakalizoea, wakalitegemea. Mtu hakiangalii kwa ukali kitu anachokitegemea. Lulua hakutegemea chochote. Hakuwa na sifa ya kuilinda wala jina la kulitunza, basi aliona ndevu akasema ndevu. Nakuomba usimame hapo kidogo, ewe msomaji. Katika hadithi hii msukumo wa mtu unaamua hata kile ambacho macho yake yanaruhusiwa kukiona.

Halafu mgeukie Safia. Kila sifa aliyopewa ilikuwa kama mlango unaofungwa. Leo ameambiwa yeye si kama watoto wa watu wengine, kesho ataanzaje kusema kwamba yeye ni kama wao hasa? Msichana anayekaripiwa kila siku akiharibikiwa anaweza kusema, maana karipio jingine si jipya kwake. Safia hakuwa na pa kuanzia. Ukimsoma hivyo, neno "mnafiki" linakuwa zito kulibeba, na unaanza kuuliza ni nani nyumbani mle aliyemfundisha kuficha. Hili halimwondolei makosa Safia, wala halimwoshi hata kidogo yule mwanamume wa buibui. Linaeleza tu jinsi nyumba nzima, kila mtu kwa nia aliyodhani ni njema, ilivyofika kwenye msiba.

Nimekutana na walimu wanaoniambia kwamba huku ni kuwachosha watoto, kwamba si kila mhusika ana kina. Wana haki, nami nataka niwape haki yao. Mwaka 1927 mwandishi wa Uingereza E. M. Forster aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo sisi kwa Kiswahili tunayaita bapa na duara, na kweli wako bapa wasiohitaji kuchimbwa. Lile Jitu katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoupa mkusanyiko jina lake linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago huko Madongoporomoka, linakula chakula chote, linaahidi kurudi. Ukianza kutafuta utoto wa Jitu umepotea njia. Halina jina kwa sababu mwandishi amelinyima, na amelinyima kwa sababu anataka tuone tumbo tu, tumbo linalomeza chakula leo na ardhi ya maskini kesho. Hapa swali linahama kwa mhusika linakwenda kwa mwandishi: kwa nini amemfanya huyu awe bapa? Mtoto akijibu hilo amefanya kazi ile ile. Na ona jinsi mwandishi alivyowagawia wengine alichokinyima lile Jitu. Mzee Mago ana jina, ana umri, ana biashara ya kujikimu, ana majirani wenye hofu ya kupokonywa pao. Yeye ana cha kupoteza, ndiyo maana tunaweza kumjua.

Majina nayo yana mtego wake. Waandishi wetu wanapenda majina ya majazi, na wanafunzi wakiona mhusika anaitwa Mashaka wanadhani kazi imekwisha: ana mashaka kwa sababu jina lake ni Mashaka. Katika "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali, jina linakudokezea hali atakayokuwa nayo, halikuambii anachokitaka. Hata mkewe Waridi, anayemwacha katika ufukara, asiitwe msaliti kabla hujakaa naye katika chumba kile ukahesabu anachopika na walaji walivyo wengi. Baada ya hesabu hiyo, kama bado unataka kumwita msaliti, mwite, lakini utalitamka neno lenyewe polepole.

Kuna mhusika mmoja ambaye wanafunzi humsahau kabisa kumwuliza nia yake, naye ndiye anayesema kuliko wote: msimulizi. Katika Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, mna hadithi "Mke Wangu" ya Muhammed Said Abdulla. Anayesimulia ni mume mwenyewe, aliyeoa msichana wa shamba akitarajia kumfinyanga atakavyo, na tunayasikia yote kwa mdomo wake. Watoto hucheka vituko vya mke, nami nacheka nao, kisha nawauliza: mke angesimulia yeye, mngecheka nani? Mume huyu anatuambia kisa ili tumwonee huruma. Akishatufanya tumhurumie, ameshashinda kesi ambayo upande wa pili haukuitwa. Si ajabu kwamba hadithi ya namna hii ilitoka kwa mwandishi yule. Muhammed Said Abdulla ndiye Mzanzibari aliyetuumbia Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Mtu aliyeandika upelelezi alijua kwamba kila anayetoa maelezo ana sababu ya kuyatoa, na kwamba kumjua muuaji bila kujua kilichompeleka kuua ni kuacha kesi nusu.

Sasa neno kuhusu miongozo, kwa sababu siwezi kulikwepa. Mwongozo mzuri ni msaada, na baadhi ya walimu walioiandika nawaheshimu. Tatizo ni mpangilio. Katika shule nyingi mtoto anauona mwongozo kabla hajaiona hadithi, wengine hawaioni hadithi kabisa. Anakutana na Dadi kwanza kama orodha ya sifa zenye nukta, kisha, kama muda upo, kama mtu. Huko ni sawa na kuambiwa habari za mgeni jikoni kabla hajapiga hodi. Akiingia, unamtazama kwa yale uliyoambiwa. Swali la yule msichana wa nyuma halimo katika mwongozo wowote niliowahi kuushika, na lisingezaliwa kwa mtoto aliyeanza na orodha.

Hadithi ya mwisho nitakayoitaja naifundisha kwa tahadhari. Katika "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, Samueli anakwenda kuchukua matokeo yake ya mtihani, anakuta ameshindwa, na anafikia uamuzi wa kujitoa uhai majini. Anaokolewa. Wanaoisoma hadithi hii ni watoto wanaongoja matokeo yao wenyewe, wa rika la Samueli, wenye wazazi waliolipa karo kama baba yake alivyolipa. Nimeona majibu yanayomwita mwoga, mjinga, asiyewajibika, yameandikwa kwa mkono wa mtoto ambaye mwezi ujao huenda akasimama pale pale aliposimama Samueli. Hapo sikubali sifa peke yake. Nawauliza wanitafutie anachokiogopa hasa. Wakisoma kwa makini wanaona kwamba karatasi ya matokeo si kitu. Kinachomtisha ni njia ya kurudi nyumbani, na uso atakaoukuta mlangoni. Mtu akishaijua hofu kwa jina lake anaweza kumwambia mwenzake.

Mwaka fulani, baada ya kipindi hicho, mvulana mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka. Alijifanya anapanga vitabu. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, kama Samueli angefika kule kwenye maji iwapo kuna mtu angemwuliza mapema anaendeleaje. Nikavuta kiti, nikamwambia aketi, na tulikaa mpaka mapumziko yakaisha. Sikumwuliza alama zake.

Mwalimu mwenzangu, ukianza hadithi mpya kesho, uache mwongozo ofisini. Wasomee hadithi yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, hata ikikula kipindi kizima. Fupi ni fupi, itatosha. Kipindi kinachofuata uliza swali moja tu: huyu alikuwa anataka nini? Kisha nyamaza, uwangoje.